GoPhish: tumeitumia kwenye bilo (ofisi) yetu ya tranziti hapa L'shi, maoni yangu ni haya

Nianze na jibu kabisa kwa wale hawana muda: GoPhish ni nzuri, ni ya bure, na kwa kampuni ya saizi yetu hapa Lubumbashi sioni sababu ya kulipa kitu kingine kabla hujaitumia hii mpaka mwisho wa uwezo wake. Lakini kama unataka kuiinstoli leo ili kesho patro (bosi) apate majina ya watu wa kukata mshahara, bora uiache kabisa, manake utaharibu kitu ambacho hakuna programu itakurudishia, yani ile watu kuja wenyewe kukuambia wakiona jambo la ajabu.

Kwa wasioijua, GoPhish ni programu ya kutuma imeli za kitapeli za mazoezi. Unaandika imeli inayofanana na ile tapeli angeandika, unaituma kwa watu wa kampuni yako mwenyewe, kwa ruhusa, halafu inakuonyesha nani ameifungua, nani amebonyeza linki, nani ameandika paswedi yake kwenye ukurasa wa uongo, na nani ameripoti. Mwenye kuianzisha ni Jordan Wright, imeandikwa kwa lugha ya Go, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT, inakubali kwenye Windows, Linux na Mac. Ukishaishusha ni faili moja la zip, unalifungua, unaiwasha, basi. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna muuzaji wa kukupigia simu kila wiki.

Kwa nini sisi tuliihitaji? Sisi ni watu wa tranziti. Kazi yetu ni makaratasi ya kamiyo (malori) zinazopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, fakture (ankara), deklarasio za doane (forodha), malipo kwa washirika walioko Zambia, Tanzania na Afrika Kusini. Siku nzima imeli zinaingia zimebeba mafaili, na nyingi zinatoka kwa watu ambao hatujawahi kuonana nao uso kwa uso. Tapeli hana haja ya kuvunja fayawali kwenye kazi kama hii, anahitaji imeli moja tu inayosema namba ya akaunti yetu ya benki imebadilika mlipe kwenye hii mpya, na mtu mmoja wa kontabilite (uhasibu) mwenye haraka siku ya ijumaa jioni wakati kamiyo imekwama mpakani na dereva anapiga simu kila dakika tano. Hiyo ndio imeli inanikosesha usingizi mimi, kuliko virusi vyote vya dunia.

Na wale wanaosema hayo ni mambo ya nchi kubwa wasome habari ya Benki Kuu ya Bangladesh. Mwezi wa pili 2016 wezi walijaribu kutoa karibu dola bilioni 1 kwenye akaunti yake iliyoko Federal Reserve ya New York, na dola milioni 81 zikafika Ufilipino na sehemu kubwa ikapotelea kwenye kasino. Wapelelezi wa Marekani walipofuatilia walikuta njia ilianzia kwenye imeli zilizotumwa kwa wafanyakazi wa benki, mtu anajifanya anatafuta kazi, anaweka linki ya kushusha CV yake. CV! Kila kampuni hapa mjini inapokea CV kila asubuhi.

Sasa kuhusu programu yenyewe. Kuiwasha ni rahisi, ila kuna mambo ya kujua. Ukiiwasha mara ya kwanza inatengeneza paswedi yake yenyewe ya admin na kuiandika kwenye dirisha jeusi la terminali, kwa hiyo usifunge hilo dirisha kabla hujaisoma. Matoleo ya zamani yalikuwa yanakuja na paswedi ile ile kwa kila mtu, kwa hiyo ukikuta mafundisho ya zamani yanakutajia paswedi ya kuingilia ujue yamepitwa. Ukurasa wa admin uko kwenye porti 3333 na kwa kawaida unasikiliza kwenye mashini yenyewe tu, na mimi nawaomba muuache hivyo hivyo, msiufungue kwa intaneti nzima, ingieni kwa njia ya SSH, yani muunganisho wa mbali uliofichwa. Hapo ndani kuna majina ya watu wenu wote, imeli zao na tabia zao, ukiuacha wazi umemfanyia mwizi kazi yake.

Sehemu ngumu sio GoPhish, ni imeli kufika. Unahitaji seva ndogo ya kukodi, domeni (jina la mtandaoni) yako ya mazoezi, na SPF na DKIM zikae sawa, yani alama zinazothibitisha imeli imetoka kweli kwenye domeni yako, halafu watoa seva wengi wamefunga porti 25, ile ya kutuma imeli, kwa wateja wapya kwa hiyo utapitia kwa huduma ya kutuma imeli na wengine hawataki kusikia neno mazoezi ya utapeli, someni masharti yao kwanza. Na kwenye mfumo wenu wa imeli wa kampuni mruhusu anwani ya IP ya hiyo seva ipite bila kuzuiliwa, manake hapa tunawapima watu na sio chujio la spamu, hilo chujio lina siku yake.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba imeli unaiandika mwenyewe. Huduma nyingi za kulipia zinakuja na maktaba kubwa ya templeti zilizo tayari, lakini ni mambo ya kadi za zawadi za maduka ya Marekani na vifurushi vya kampuni za usafirishaji ambazo nusu ya bilo yetu haijawahi kuzitumia, nani atadanganyika? Tapeli anayetutaka sisi anajua deklarasio ni nini, anajua kamiyo inaweza kukaa siku ngapi kwenye pariki ya Kasumbalesa. Kwa hiyo tuliandika Kifaransa cha kikazi kama kile tunachoandikiana na wateja, fakture ya proforma ya "mshirika" asiyekuwepo, na domeni ambayo herufi r na n zimekaa pamoja zikaonekana kama m. Hiyo ya rn iangalieni vizuri kwenye simu yenye kioo kidogo, hata mtu anayejua anaweza kupitwa. Programu inaweka yenyewe jina la kila mtu, kwa hiyo kila mmoja anaona "Mama fulani, tafadhali uangalie", na sio barua ya watu wote.

Msitumie nembo ya benki ya kweli, wala ya doane, wala ya kampuni ya simu. Tengenezeni mshirika wa kubuni. Kuna mambo ya sheria hapo, nitayafikia.

Na msiguse mshahara. Hilo nalisema kwa nguvu. Desemba 2020 GoDaddy ya Marekani, kampuni ya kuuza domeni, iliwatumia wafanyakazi wake imeli ya mazoezi ikiwaahidi bonasi ya dola 650 ya sikukuu, katikati ya mwaka wa korona, watu karibu 500 wakajaza, halafu wakaambiwa wameanguka mtihani wanapaswa kufundishwa. Kampuni ikaomba msamaha mbele ya watu. Sasa fikirieni hapa kwetu, mtu anayengoja areriere (malimbikizo ya mshahara) ya miezi, ana ada ya watoto kule kwenye mitaa yetu ya Katuba ama Kenya, anaona imeli mshahara umeongezwa, anafurahi, anampigia bibi yake, halafu unamwambia ilikuwa zoezi? Atakuchukia na ana haki. Kweli tapeli hana huruma na anaweza kutumia mshahara, lakini tapeli hatakutana na huyo mama kesho kwenye korido, na hahitaji amsaidie.

Ukurasa wa uongo nao mnautengeneza humo humo, mnaweza hata kuiga ukurasa wowote kwa kuweka anwani yake. Hapo kuna visanduku viwili, kimoja cha kunasa kilichoandikwa na kingine cha kunasa paswedi. Cha paswedi kiacheni bila alama! Utaona kwamba mtu ameandika lakini paswedi yenyewe haitahifadhiwa, na hiyo inatosha. Programu inakuonya yenyewe kwamba ukizinasa zitakaa kwenye hifadhidata bila kufichwa, na watu wengi wanatumia paswedi moja kwa imeli ya kazi, Facebook na kila kitu. Huna kazi yoyote halali na paswedi ya mtu. Baada ya kubonyeza, sisi tuliwapeleka kwenye ukurasa wa kwetu ulioandikwa Kiswahili, mistari michache: hii ilikuwa ya mazoezi, hakuna kilichoharibika, paswedi yako hatujaichukua, rudi kwenye ile imeli uangalie anwani ya aliyetuma herufi kwa herufi, halafu utuambie. Hakuna nyekundu, hakuna picha ya mwizi aliyevaa kofia. Watu waliusoma mpaka mwisho, wengine wakaupiga picha wakautuma kwa ndugu zao.

Jambo lililonifungua macho ni simu. Kwenye matokeo, GoPhish inakuonyesha aina ya mashini na brauza mtu aliyotumia, na kwetu waliobonyeza wengi walikuwa kwenye Android. Ukifikiria inaeleweka, umeme wa SNEL ukikatika watu hawangoji grupu (jenereta) iwashwe, wanatoa simu wanaendelea na kazi kwa megabaiti zao. Na kwenye simu programu ya imeli inaonyesha jina tu, anwani imefichwa mpaka uguse jina, na linki huwezi kuipitishia mausi uone inaenda wapi, lazima uishikilie kwa kidole kwa muda. Mafundisho yote niliyokuwa nayaona yamechorwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Kwa hiyo tuliyabadilisha, tukakaa na watu, kila mmoja na simu yake mkononi, gusa jina, soma anwani, shikilia linki, soma, achia. Hiyo peke yake ilistahili kazi yote.

Kuhusu namba muwe waangalifu. Ile ya "ameifungua" inategemea kapicha kadogo kasikoonekana ndani ya imeli, na programu nyingi za imeli zinazuia picha, zingine zinazishusha zenyewe hata kama mtu hajasoma, Apple inafanya hivyo kwa wanaowasha ulinzi wake wa faragha tangu 2021. Kwa hiyo ile namba msiibebe kama ukweli. Hata ya kubonyeza, mifumo mingine ya usalama inafungua linki yenyewe ili kuipima kabla mtu hajaiona, na wewe utadhani ni mama wa risepsioni. Angalieni saa: kama linki imebonyezwa sekunde ile ile imeli imefika, na kutoka kwenye IP ya kampuni ya mbali, huyo sio mtu.

Namba ninayoiangalia mimi ni ya walioripoti, na ilichukua muda gani mpaka wa kwanza aripoti. Ripoti ya usalama ya 2024 ya Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, inasema muda wa kati kwa mtu kubonyeza linki ni sekunde 21 tangu afungue imeli, na sekunde 28 zingine kuandika data zake. Chini ya dakika moja! Hakuna mtu wa mashini atawahi hapo. Kitakachokuokoa ni mtu wa pili ama wa tatu kupiga kelele mapema ili uifute ile imeli kwa wengine wote na ubadilishe paswedi ya yule wa kwanza kabla mwizi hajaitumia. Ripoti hiyo hiyo inasema kwenye mazoezi waliyoyaangalia asilimia 20 ya watu waliripoti, na asilimia 11 ya waliobonyeza nao waliripoti. Hawa wa mwisho ndio nawapenda zaidi, mtu amebonyeza, ameshtuka, na bado amekuja. GoPhish inaweza kusoma sanduku la ripoti kwa njia ya IMAP (njia ya kusoma sanduku la imeli kwa mbali), mtu akisongesha ile imeli kwenye anwani mliyoiweka, inamtia alama ya "ameripoti" yenyewe. Iwekeni hiyo tayari kabla ya kutuma imeli hata moja, watu wengi wanairuka.

Kwetu wa kwanza hakutumia hata hiyo anwani. Alikuwa mama mmoja wa kesi, yani anayeshika pesa, alitoka mezani kwake na simu mkononi, akaja mpaka kwangu akasimama. "Papa, ona hii. Banasema ni patro anakubali nilipe. Patro haandikake vile, ye anaweka tu jina yake basi." Hakuwa ameangalia anwani wala linki, alijua namna bosi wake anaandika. Akaandika kwenye gurupu ya WhatsApp ya bilo kabla sijafungua mdomo: bantu, musifungue ile fakture. Kuna watakaosema hapo zoezi limeharibika, watu wameonyana. Mimi nasema hapo ndipo zoezi limefaulu, siku ya tapeli wa kweli nataka afanye vile vile bila kuniuliza.

Shida ilikuja baadaye kwenye ofisi ya juu. Patro alitaka orodha. "Unipatie majina, nataka nijue ni nani atanipotezesha feza." Namuelewa, pesa ni zake. Nikamwambia mukubwa, nikikupatia majina leo, kesho mutu akibonyeza ya kweli atanyamaza, na ile kunyamaza njo itakupotezesha feza. Tulikuwa tumekubaliana kwa maandishi kabla ya kuanza kwamba yeye atapata jumla kwa kila idara na sio mtu mmoja mmoja, na hiyo karatasi ndio iliokoa siku. Basi akauliza swali zuri kuliko yote: kama mtu anaweza kudanganywa, kwa nini mtu mmoja anaweza kulipa peke yake? Leo namba ya benki ya mshirika ikibadilika, tunampigia kwa namba ya simu ya zamani iliyo kwenye faili, sio ile iliyo ndani ya imeli, na malipo yanataka sahihi za watu wawili. Hakuna chujio lolote lingetupatia hiyo.

Mapungufu yapo. Toleo la mwisho nililoliona ni 0.12.1 la 2022, kwa hiyo msitegemee mambo mapya. Kila kitu kwenye dashibodi ni Kiingereza. Haina masomo ndani, baada ya mtu kubonyeza kazi ya kufundisha ni yako. Na kubwa zaidi kwa hapa kwetu, inafanya imeli tu. Matapeli wa L'shi wanapita kwa WhatsApp, kwa sms za "pesa imeingia kimakosa nirudishie", kwa kupiga simu wanajifanya ajenti. Hayo GoPhish hayajui. Sisi tuliyafanya kwa mkono, mtu ambaye sauti yake haijulikani kwenye bilo anapiga anaomba kodi (namba ya siri) iliyofika kwa sms, kwa ruhusa, na tunaandika kwenye daftari jibu bila jina.

Mkiwa na pesa kuna njia zingine. KnowBe4, huduma ya kulipia ya mazoezi kama haya, ina masomo mengi, Kifaransa kimo. Microsoft nao wana mazoezi yao ndani ya Defender for Office 365, ila ni kwenye Plan 2 ama leseni ya E5, sio zile leseni ndogo kampuni nyingi za hapa zinanunua. Kwa migodi mikubwa hiyo sio kitu. Kwa bilo ya watu wachache ni pesa ya kamera na batri za inverta.

Na mkimaliza ya watu, pimeni mashini nazo. Atomic Red Team ya kampuni ya Red Canary ni ya bure pia, ni vijaribio vidogo vidogo vilivyopangwa kufuata orodha ya MITRE ATT&CK, ile inayotaja mbinu za wavamizi moja moja kwa namba, imeli ya kitapeli kwa mfano ni T1566. Unachukua kompyuta moja ya pembeni isiyo na kazi ya mtu, unaendesha kajaribio kamoja, unaangalia kama antivairasi imelia na kama wewe umepata habari. Msikaendeshe kwenye mashini ya kontabilite. Hiyo nitaiandikia siku yake, iko na mengi.

Ya sheria sasa. Nchi yetu ina Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13/3/2023, na humo kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na data za watu zinalindwa. Kwa hiyo usitume hata imeli moja bila karatasi yenye sahihi ya mkurugenzi inayosema nani anatuma, kwa nani, kuanzia lini mpaka lini, data zitafutwa lini. Wewe kijana wa informatike hasa, usikubali kuambiwa kwa mdomo "fanya tu", mambo yakiharibika mdomo huo utasahau. Na usimpime mteja wala mshirika, hao sio watu wako.

Kwa hiyo nani aichukue? Kampuni yenye angalau mtu mmoja anayejua Linux kidogo na DNS (mipangilio ya domeni), na patro anayekubali kuweka sahihi kwenye ile karatasi ya majina. Shule, hospitali, asosiasio, bilo za tranziti, koperative, inawafaa. Kama hakuna mtu wa kuitunza seva, msiiache ikiwaka miezi peke yake, washeni kwa kampeni, shusheni matokeo, zimeni, futeni. Kwenye mipangilio ya kampeni kuna sehemu ya kusambaza imeli kidogo kidogo mpaka tarehe fulani badala ya zote mara moja, itumieni, na msianze jumatatu asubuhi.

Yetu inayofuata ni ya maajenti wa Kasumbalesa, ambao hawana kompyuta kabisa, kila kitu ni simu na koneksio ya kubahatisha, kwa hiyo ukurasa wa mafundisho nimeuandika upya bila picha hata moja ili ufunguke haraka. Mwenye kutaka maneno yake ya Kiswahili aniombe, nitamtumia bure.